Mume Wangu Alivyotembea na Peres

"Nataka jibu moja tu. Umetembea naye, hukutembea naye?"

"Nimetembea naye. Unataka nikane? Nimetembea naye jana, nimetembea naye Jumamosi ile nyingine, na Mungu akipenda Jumamosi ijayo nitatembea naye tena."

"Mungu akipenda! Mpaka Mungu unamtia humo?"

"Saleha, kwani ubaya uko wapi? Njia yetu ni moja."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwezi wa nne. Na aliyenisukuma ni wewe."

"Mimi?"

"Si ulisema nikishinda ndani Jumamosi nakuwa kama paka, kila ukigeuka unanikanyaga? Ulisema toka, nenda ukatafute kazi ya ziada. Nikatoka. Nikapata kazi, nikampata na Peres."

Nikakaa juu ya sanduku langu. Sanduku lenyewe nilikuwa nimeshalifunga tangu alfajiri. Kaka yangu Mbarak alikuwa ndani ya treni kutoka Mombasa, anakuja kunichukua anirudishe kwetu Tanga, na treni ile huingia Nairobi mnamo saa mbili na nusu za asubuhi. Sasa ilikuwa saa ngapi, hapo sijui. Chumbani mwetu kulikuwa na saa kumi na moja za watu, ukutani na mezani na chini ya kitanda, na kila moja ilisema la kwake.

Mume wangu Twahir alikuwa fundi saa. Tulikaa chumba kimoja cha juu, nyuma ya maduka, mahali ambapo adhana ya msikiti wa Jamia ukiisikia huna haja ya kuuliza inatoka wapi. Ulikuwa mwaka ule Wazungu walipodai wamekanyaga mwezi. Mimi niliukagua mwezi siku tatu mfululizo nisione hata alama ya kisigino, lakini hayo si yangu.

Twahir alizaliwa Tanga kama mimi, ila mjomba wake alimchukua Nairobi akiwa na miaka tisa, akamkalisha kwenye benchi la ufundi, akakulia huko huko. Tanga alirudi mara moja tu, kunioa, kisha akanichukua ng'ambo. Watu wakisikia ng'ambo hudhani lazima uvuke bahari. Mimi nilivuka mpaka kwa basi, Lungalunga, na nilipofika nikakuta ni ng'ambo kweli kweli. Pesa nyingine, bendera nyingine, na Kiswahili nacho kimevaa nguo nyingine. Watu wanasema kiti yangu, mtoto yangu, nyumba kubwa ile pale yangu. Siku ya kwanza muuza mboga aliniambia ninunue sukuma wiki, nikamuuliza wiki niisukume mpaka wapi.

Sasa nielezeni ninyi. Kwetu Tanga, na pwani yote ninayoijua, mtu akikuambia mwanamke fulani anatembea na mume wako, nani atafikiria miguu? Hakuna. Neno hilo likisemwa, mama mtu hulia, shangazi hufunga kibwebwe. Na hapo mume wangu ananitajia na Jumamosi zenyewe, moja moja, kama anayehesabu nazi.

Lakini kabla sijaendelea, msije mkadhani Twahir alikuwa mume mbaya. Hapana. Alinipenda, na alijua kuwa nimo ugenini, kwa hiyo kila Jumapili alinitoa. Jumapili nyingine tulikwenda bustani ya Jivanji tukakaa kwenye benchi, tukatafuna njugu, tukawatazama Wahindi wakipita na familia zao. Nyingine tulikwenda Embakasi kutazama ndege. Siku hizo kulikuwa na roshani pale uwanjani, mji mzima unapanda huko na nguo za sikukuu, mnawapungia mkono watu wanaosafiri msiowajua. Mimi nilipunga mpaka nikalia. Nililia kwa ajili ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anaondoka peke yake na kikapu, naye aliponiona nalia akakataa kupanda, ikabidi rubani mwenyewe ateremke kuja kuniomba ninyamaze ndege iondoke.

Tulikwenda Naivasha tukalala huko usiku mmoja kwa watu wa msikitini. Kiboko akatoka ziwani, akanitazama, akarudi ndani kumwita mkewe. Tulikwenda vilima vya Ngong. Huko upepo ulinivua baibui, ukalivaa wenyewe, na jioni watu wa Kiserian walituapia kwamba walipishana na mwanamke mrefu wa pwani asiye na uso, akawapita bila salamu. Siongezi chumvi. Kwangu chumvi huja yenyewe.

Hayo niliyokuwa nayaona mchana, jioni nilimsimulia Twahir, ijapokuwa alikuwapo. Alikuwa ameinama na kile kioo cha fundi jichoni, anachokonoa tumbo la saa, na mimi nasimulia. Wakati mwingine mkono ulimtetemeka kwa kucheka, gurudumu likamponyoka, tukalitafuta sakafuni wote wawili kwa magoti.

Basi Jumapili zilikuwa zangu. Jumamosi ndizo sikuzijua.

Alhamisi ya wiki ile nikasikia hodi. Nikafungua, nikaona mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwanya wa meno kama ameuchagua dukani, viatu vyake vya raba amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa na kikapu, na ndani yake saa ya mezani imefungwa taulo kama mtoto mchanga.

"Wewe ndiyo bibi ya fundi?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani."

"Asante, mama. Mimi naitwa Peres. Mimi ndiyo natembea na bwana yako."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini taratibu, maana birika lilikuwa la mama yangu.

"Umesemaje?"

"Kila Jumamosi. Mimi ni mpishi huko Lavington, nyumba ile ya ua ya miiba. Nikimaliza kazi ya memsabu, yeye ananingoja kwa geti, tunatoka pamoja mpaka kwangu, Waithaka. Hajakuambia?"

"Hajaniambia."

"Ai! Huyu mzee!" Akacheka, akapiga paja. "Lakini bwana yako ni mtu mzuri, mama. Hachoki. Wanaume wengine nimetembea na wao, tukifika tu Kawangware amechoka, anataka kukaa chini. Huyu hapana. Huyu mpaka mwisho."

Nikamtazama kama ana haya hata ya kisingizio. Hana. Ameketi kwenye mkeka wangu, anapuliza chai yangu, kwenye kikombe changu kizuri, maana mgeni ni mgeni hata akija na kisu.

"Na wewe," nikasema, "huna mume?"

"Niko na mume. Anaitwa Nashon."

"Naye anajua?"

"Atakosa kujua aje? Anafurahi sana! Tukichelewa anasimama kwa mlango anatungoja. Yeye mwenyewe hawezi kutembea, mguu yake ni mbaya. Kwa hivyo anasema, afadhali fundi yuko."

Akamaliza chai, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Na wewe usikae hapa peke yako mama, utaugua. Siku moja njoo, tutembee sisi wote watatu."

Akaenda zake. Saa yake ikabaki mezani, imekwama saa tisa kasoro dakika mbili.

Jirani yangu Mabruka, wa Lamu, mke wa maalim, nilimweleza nusu tu, nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Binamu yake alikuwa mhudumu wa treni. Jioni ile ile salamu zangu zikapanda treni: Mbarak aambiwe aje, dada yake yamemfika. Mbarak alikuwa karani wa ghala bandarini Mombasa, mtu mzito, mpole, asiyesafiri ovyo. Akajibu kwa njia ile ile kwamba Jumapili asubuhi yuko mlangoni.

Mume wangu sikumwambia kitu. Ijumaa nikavaa kanga. Hapa lazima nikiri kwamba herufi za Kizungu sizijui. Chuoni, kwenye Kurani, nilifika juzuu ya mwisho, shuleni sikufika hata mlangoni. Kanga zangu nilizijua kwa nakshi. Ile ya korosho nyekundu ndiyo yenye maneno ya kumsuta mume mzururaji, hivyo nilivyokumbuka. Nikamwandalia chakula, nikamgeuzia mgongo asome vizuri, nikasimama hivyo muda wa wali kuiva. Akasoma. Nikamsikia anaacha kutafuna.

"Na mimi pia, Saleha," akasema, sauti laini kama siagi.

Nilikaa mwaka mzima ndipo Mabruka aliponisomea. Ya kumsuta ilikuwa korosho za kijani. Nyekundu ilikuwa kanga ya maharusi, inasema moyo wangu umepata pa kutua.

Jumamosi akaondoka kama kawaida, mfuko wa vyuma begani, akipiga mluzi. Akarudi jua linazama, viatu vina tope jekundu la Waithaka mpaka kwenye kamba, amefurahi. Jumapili alfajiri nikafunga sanduku. Alipoamka akasema, "Vaa baibui, leo twende Embakasi, kuna ndege mpya," halafu akaliona sanduku, na ndipo yakaanza yale mliyoyasikia.

Sasa endeleeni kunisikiliza hapo hapo, nimekaa juu ya sanduku.

"Kwa hiyo unarudi Tanga," akasema, "kwa sababu nimetembea na mtu."

"Kwako ni jambo dogo."

"Ukubwa wake nini? Ulitaka nitembee peke yangu? Pale kuna mbwa, Saleha. Mbwa wa Lavington hawajui fundi."

"Twahir." Kwetu mke hamwiti mume kwa jina, ni utovu wa adabu. Mimi asubuhi ile nilimwita mara saba. "Twahir, chai unakunywa kwake?"

"Nakunywa."

"Na unapumzika?"

"Kidogo tu. Navua viatu."

"Anavua viatu! Na mumewe yuko wapi saa hizo?"

"Yuko pale pale. Anapiga randa."

"Wewe uko na mkewe, yeye anapiga randa?"

"Ni seremala! Ana kazi yake. Hawezi kuacha kazi kila nikifika mimi."

Nikajifunika uso kwa upande wa kanga. Sikulia, nilitaka tu kutokumwona. Yeye akachuchumaa mbele yangu, na nikasikia kwa sauti yake kwamba ameanza kuogopa kweli.

"Saleha. Mke wangu. Niambie nimekosa nini, maana naona nimekosa, ila sijui ni wapi. Kama hutaki nitembee naye, nitapanda basi."

"Basi litakusaidia nini? Zinaa ni zinaa hata ndani ya basi!"



"Zina nini?"

"Zinaa! Mwanamke amekuja humu ndani, amekaa pale ulipo, ameniambia uso kwa uso kwamba anatembea na wewe. Kwamba huchoki. Kwamba unakwenda mpaka mwisho!"

Nikashusha kanga nimtazame anavyokana. Hakukana. Mdomo ulikuwa wazi. Akakaa chini kabisa, sakafuni, kama saa iliyokatika springi.

"Saleha," akasema polepole, "kwenu kutembea na mtu ni nini?"

"Kwetu na kwenu pia, umezaliwa Tanga, Raskazone!"

"Nimetoka nikiwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa nani alimfundisha hayo? Hapa mjini kutembea ni..." Akainuka. Akaenda mlangoni, hatua nne. Akarudi dirishani, hatua nne. "Ni hivi. Ni miguu. Tunatoka Lavington, tunakata Kawangware, tunafika Waithaka. Kwa miguu! Yeye anabeba kikapu, mimi nabeba kabati la saa begani, napeleka kwa Nashon, Nashon ananitengenezea mbao zilizooza. Hizo saa ndefu za Wazungu ninazozitengeneza Lavington, mbao zinaliwa na wadudu. Hiyo ndiyo kazi. Hiyo ndiyo kutembea!"

Niliiona hiyo safari kichwani, yeye na kabati la saa begani kama anayepeleka maiti, na yule mrefu mbele yake na raba mkononi. Nikahisi kicheko kinapanda, nikakikanyaga.

Halafu Twahir akashika kichwa. "Ya Rabi. Maalim!"

"Maalim kafanya nini?"

"Wiki jana aliniuliza Jumamosi huwa napotelea wapi. Nikamwambia natembea na mama mmoja wa Waithaka. Nikamwambia ni mke wa rafiki yangu, na rafiki yangu anapenda. Saleha, alinishika mkono akanisomea mawaidha toka adhuhuri mpaka alasiri! Mimi nikadhani ameona nina bidii ya dini!"

Hapo kicheko kikanishinda. Nilicheka mpaka sanduku likalia. Naye akacheka, halafu akaacha, halafu akaanza tena, na kila tukitulia mmoja anasema "anapiga randa" tunaanza upya.

Lakini kicheko kilipokwisha nilikuwa bado nimekaa juu ya sanduku.

Akaona. "Basi fungua," akasema.

"Nimeshalifunga. Na Mbarak yuko njiani. Nitamwambiaje, kaka yangu, umeacha ghala lako na kulala kwenye treni kwa sababu ya miguu?"

"Tutamwambia umemkumbuka."

"Mimi nimewakumbuka wote, Twahir. Si yeye peke yake."

Nikajishangaa kusema hivyo. Lakini ukweli ndio huo, wajukuu zangu, na leo nawaambia bila chumvi. Peres alikuwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mgeni. Jumapili moja ya ndege haitoshi wiki nzima. Baridi ya Julai ile ilikuwa mbaya, asubuhi mimi naamka lakini kivuli changu kinakataa kutoka kitandani. Nilikaa chumbani na saa za watu, nikisikia mji unapita chini, na hakuna hata mmoja mjini aliyejua kama nipo. Mabruka peke yake, na yeye alikuwa na watoto saba. Kosa la Twahir lilipofutika, ile nusu ikabaki imesimama peke yake, na kumbe ndiyo iliyokuwa nzito.

Twahir akachukua saa moja ukutani, akaitia ufunguo ingawa haikuhitaji.

"Peres amenunua sufuria," akasema. "Mpya. Haipiki chakula chao, ni ya chai yangu tu, maana nilimwambia sisi Waislamu tuna mambo yetu ya vyombo. Na vikombe viwili."

"Viwili vya nini?"

"Kimoja chako. Kiko kwenye rafu tangu mwezi wa sita. Mtoto wao akikigusa anapigwa kofi."

"Mimi hakunijua. Alhamisi ndiyo mara ya kwanza kuniona."

"Anakujua." Akakwaruza shingo. Nikaona sasa kweli ana haya, haya ambayo hakuwa nayo aliposhtakiwa zinaa. "Saleha, mwendo ule ni saa nzima na nusu. Watu hawawezi kutembea kimya."

"Basi mnazungumza nini?"

"Wewe."

"Mimi nini?"

"Mambo yako. Unayonisimulia jioni. Ule upepo wa Ngong. Yule mama wa Kizungu aliyekataa kupanda ndege. Mimi sina maneno yangu, unajua, mimi ni mtu wa kuinama na saa. Nikaanza kumwambia yako kupitisha njia. Siku ya kiboko kumwita mkewe, Peres alikaa kando ya barabara, akashindwa kuinuka, watu wakasimama kuuliza kama ni mgonjwa. Sasa tukifika, Nashon hata hajanikaribisha kiti. Anauliza, 'Bibi ya fundi wiki hii amesema nini?' Wanakungoja wewe. Mimi ni mchukuzi tu."

Mnajua inavyokuwa mtu akikuambia kwamba jina lako limekuwa likienda mahali ambapo wewe hujafika? Kila Jumamosi nilipokuwa nimekaa chumbani nikijihesabu sipo, kumbe nilikuwa natoka Lavington, nakata Kawangware, nafika Waithaka, nakaribishwa.

Lakini sikutaka ajue kwamba nimeguswa. Nikauliza kwa ukali, "Na jana uliwapelekea ipi?"

"Ya fenesi."

"Fenesi la babu? La Muheza?"

"Hilo."

"Ukalisemaje?"

Akasimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu. "Nikasema, huko Muheza babu yake mke wangu alikuwa na mfenesi, ukazaa fenesi kubwa sana. Kubwa kama gari."

"Gari gani?"

"Gari tu. Gari dogo."

"Gari dogo!" Nikainuka. "Gari dogo, Twahir? Umelichukua fenesi la babu yangu ukalikata ukawapa kipande? Lilikuwa behewa! Behewa la kupakia mkonge, lenye magurudumu manane!"

"Niliona hawataamini."

"Nani alikuambia waamini? Wanataka kuamini au wanataka fenesi? Endelea. Mbarak uliwaambia?"

"Niliwaambia Mbarak alikuwa mtoto, akatoboa tundu akaingia ndani kula, akapotea, akatoka jioni."

"Jioni ipi?"

"Ile ile."

"Siku tatu! Alikaa humo siku tatu, ametoka amenenepa, nguo hazimwingii! Jioni ile ile, hata mbuzi hupotea zaidi ya hapo. Na wao walifanyaje?"

"Walicheka."

"Walichekaje?"

Alisita. Twahir hakujua kusema uongo, ndiyo maana alihitaji mke. "Peres alicheka. Nashon kidogo."

"Kidogo!"

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote ya asubuhi ile. Mtu mwenye mguu mbaya, amepiga randa wiki nzima, anangoja neno langu, halafu analetewa fenesi kama gari dogo, na anacheka kidogo kwa adabu. Na mimi nikae Tanga, nijue kwamba kila Jumamosi mambo yangu yanapunguzwa namna ile, wiki baada ya wiki, mpaka kiboko awe chura?

"Jumamosi nitakwenda mwenyewe," nikasema.

"Kwa miguu?" akauliza. "Matope ni mengi."

"Una mke asiye na miguu? Nitakwenda, na utanyamaza njia nzima. Na sasa sikiliza lilivyokuwa, ujue ulichoharibu. Simama pale mlangoni."

Nikatafuta kitu cha kumwonyesha ukubwa. Mikono haikutosha, kanga haikutosha. Nikainama nikafungua kamba ya sanduku, nikaivuta yote, nikampa ncha moja, mimi nikarudi na nyingine mpaka dirishani, kamba ikanyooka juu ya kitanda na juu ya meza. Kifuniko cha sanduku kikajiachia chenyewe, nguo zangu zikachungulia.

"Hii," nikasema, "ni robo. Liliponing'inia mwezi wa kwanza, babu aliliwekea nguzo sita. Mwezi wa pili kuku walihamia chini yake, walidhani ni nyumba. Lilipoanguka, stesheni walipiga kengele, wakafikiri treni ya Moshi imewahi. Sasa, Mbarak. Mbarak alikuwa mwembamba kama uzi, mama amejaribu kila dawa. Akachukua kisu cha jikoni, akakata mlango, mlango kabisa, na kizingiti chake, akaingia. Siku ya kwanza tunamsikia anatafuna. Siku ya pili sauti imekwenda mbali. Siku ya tatu babu akaweka mdomo kwenye tundu, akaita, 'Mbaraaak!' Na kutoka huko ndani, mbali, kama mtu aliyeko Korogwe, tukamsikia anajibu. Usicheke, muulize mwenyewe kama ni uongo, hatasahau mpaka anaingia kaburini. Alijibu, akasema, 'Babu, msinitoe kwanza, huku ndani nimekutana na—'"

Mlango ukasukumwa, ukampiga Twahir kisogoni. Kaka yangu Mbarak akaingia, koti la karani limekunjika kwa kulala kwenye benchi la treni, kofia mkononi, uso wa mtu aliyekuja kwa jambo zito. Akaitazama kamba. Akalitazama sanduku lililo wazi. Twahir naye, ncha ya kamba mkononi, akamtazama Mbarak toka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anayempima upana.

"Asalamu aleikum," akasema kaka yangu. "Mbona mmenyamaza?"